Umeme Upo

Mota ya umeme wa njia tatu ikipoteza njia moja wakati inazunguka, haisimami. Nimewaeleza watu wengi jambo hili na karibu wote wameshangaa, hata waliosoma fizikia mpaka kidato cha sita. Tunatarajia kifaa kilichopungukiwa kizime, kama redio iliyoishiwa betri. Mota haiko hivyo. Inaendelea na kazi, sauti yake inakuwa nzito kidogo, na njia mbili zilizobaki zinavuta mkondo wa ziada ili mzigo uende. Kama mzigo haukupunguzwa, mkondo katika njia hizo mbili unapanda hadi takribani mara 1.73 ya kawaida, na kwa kuwa joto la waya hufuata mraba wa mkondo, joto linalozalishwa humo linakuwa mara 3. Hali hiyo mota inaivumilia kwa dakika chache. Kisha inaanza kunuka, na ukishaisikia harufu hiyo hakuna cha kuokoa.

Shangazi yangu ana mashine ya kukoboa mpunga Ifakara, upande wa Kibaoni. Mota yake ni ya kilowati 22, ambayo mafundi huiita ya hospawa thelathini, na imeungua mara mbili. Mashine hiyo ndiyo iliyonilipia ada kuanzia kidato cha kwanza hadi shahada ya kwanza, na sasa ninapoishi Dar es Salaam nikisomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme, ndiyo inayolipa sehemu ya kodi ya chumba changu. Wasimamizi wetu wa tasnifu hupenda kutuambia tujiweke mbali kidogo na kitu tunachokichunguza. Kwenye suala la mota mimi umbali huo sina.

Kabla ya kuwa na mashine, Shangazi alikuwa akinunua mchele kwa madebe na kuupakia kwenye treni ya TAZARA kwenda kuuza Dar. Miaka ya safari hizo ilimwonyesha kwamba mkulima analalamika, mchuuzi analalamika, lakini mwenye mashine analala usingizi. Akauza kiwanja, akakopa kwenye kikoba, akanunua mashine iliyokwishatumika pamoja na banda lake la mabati. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Ni kwamba tu hakuna aliyemwambia kuwa Julai mwenye mashine naye halali.

Asiyeujua msimu wa Bonde la Kilombero inabidi aelezwe. Masika yakiwa mazuri, mto unatapakaa kwenye tambarare hadi usijue ukingo uko wapi. Maji yakirudi, mpunga unakomaa, na kuanzia Mei mavuno yanaanza kuingia mjini kwa baiskeli, bodaboda, trekta na malori. Pembeni mwa barabara kunatandazwa maturubai ya mpunga unaoanikwa, na kuku wa mji mzima wananenepa. Mashine zinakoboa kuanzia alfajiri hadi usiku. Wateja wanakaa juu ya magunia yao wakisubiri zamu, kwa sababu hakuna anayekubali Supa yake ichanganywe na Saro ya mwenzake, na kila mtu anataka kuona kwa macho yake chenga zimetoka kiasi gani na pumba zimekwenda wapi. Miezi mitatu ya hekaheka hiyo ndiyo inayolisha miezi tisa iliyobaki. Mota ikiungua Novemba ni gharama. Ikiungua Julai, mteja anabeba gunia lake anahamia mashine ya pili, akizoea huko harudi.

Ya kwanza iliungua Julai. Nilikuwa nyumbani likizo, nikasindikizana na Fundi, yaani kijana anayeendesha mashine ya Shangazi, kuipeleka kwa mzee mmoja anayesuka mota. Napenda kwamba Kiswahili kimewapa mafundi hawa kitenzi cha wasusi. Ukiifungua mota utaelewa sababu: ndani yake nyaya za shaba zimepangwa kwa mafungu, zimepitishwa kwenye mifereji, zimefungwa kwa uzi na kupakwa vanishi, na mafungu yanafuatana kwa mpangilio kama mistari ya twende kilioni. Kuna makundi matatu, kila njia na kundi lake. Nilimwamkia mzee, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akagonga kifuniko kikatoka, akavuta sehemu inayozunguka, kisha akamulika kwa tochi ya simu.

“Njoo usome,” akaniambia.

Theluthi moja ya nyaya ilikuwa nyeusi tii, inavunjika kama makaa. Theluthi mbili zilikuwa na rangi yake ya kahawia inayong’aa, kama zimetoka kiwandani wiki iliyopita. Mzee akafafanua kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi. Mzigo ukizidi, makundi yote matatu yanaungua. Beringi ikikwama, yote yanaungua. Umeme ukiwa mdogo kwa muda mrefu, yote yanaungua. Likiungua moja na mawili yakapona, kwenye mota iliyounganishwa delta, basi njia moja ilikatika na mota ikaachwa iendelee. Ikiwa imeunganishwa kwa mtindo wa nyota inakuwa kinyume chake, mawili yanaungua na moja linapona. Kweli, tuliporudi kwenye banda tukakuta fyuzi moja kati ya tatu kwenye boksi la pale pale ukutani imekatika. Picha za namna hiyo nilikuja kuziona tena chuoni mwaka wa tatu, kwenye kitabu kinene, na mwandishi wake alikuwa amefikia hitimisho lile lile la mzee.

Kusuka upya kulichukua siku nane, kwa sababu waya wa unene uliotakiwa ulipaswa kutoka Dar kwa basi. Shangazi alipata mkopo wa pili juu ya mkopo wa kwanza. Safari hiyo alinunua pia relei ya ulinzi, kiboksi kidogo kuliko kiberiti cha jikoni kikiwekwa viwili, kinachokaa kinatazama njia zote tatu. Njia moja ikipotea, au volti zikishuka kupita kiasi, au zikatofautiana kupita kiasi, relei inaiachia kontakta nayo inakata umeme wa mota kabla mota haijajitoa mhanga. Bei yake ilikuwa chini ya kilo hamsini za mchele.

Wenye mashine wengi hudhani stata yao tayari inailinda mota, kwa kuwa ndani yake mna kile kifaa cha kukata mkondo ukizidi. Kinasaidia, lakini kinafanya kazi kwa joto, kwa hiyo kinachelewa. Vilivyo vya zamani vina sehemu mbili tu za kuhisi, kwa imani kwamba tatizo lolote litapita angalau kwenye mojawapo. Tena fundi aliyechoka kukimbilia stata kila mara hukizungusha kile kisahani cha ampea kikapanda mpaka mwisho. Ukikuta mota ya ampea 42 inalindwa na kifaa kilichowekwa 60, jua kuna siku mtu alikuwa na wateja wengi.

Mota ya Shangazi ikaungua tena. Relei ikiwa ukutani.

Nilipigiwa simu jioni. Shangazi hakulia na hakunilaumu, alisema tu, “Mwanangu, ile mashine imenuka tena, na Fundi anaapa umeme ulikuwepo.” Kesho yake nikapanda basi. Kutoka Mikumi hadi Ifakara barabara inafuata ubavu wa milima ya Udzungwa, na pale Kidatu unaziona laini kubwa za umeme zikitoka kwenye kituo zinapanda milima. Kuna jambo linalowachekesha na kuwaudhi watu wa bonde hili kwa wakati mmoja: umeme wa nchi unatoka kwao. Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, kinazalisha megawati 204 na kilianza mwaka 1975. Kihansi, kusini-magharibi kwa Ifakara, ni megawati 180, na pia ni nyumbani kwa kile chura kidogo cha rangi ya dhahabu kilichogunduliwa mwaka 1996, kikatoweka porini, kikarudishwa mwaka 2012 baada ya kutunzwa Marekani. Maji ya mto Kilombero wenyewe yanashuka hadi Rufiji kwenye bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mzee mmoja ndani ya basi aliniuliza ninasomea nini, nilipomjibu akasema, “Basi tusaidie, maana sisi tunaishi chini ya waya kama ndege.”

Lakini wingi wa umeme hauihusu sana mota. Kinachoihusu ni kama njia tatu zinazoifikia zimelingana. Unaweza kuwa na bwawa kubwa kuliko yote Afrika Mashariki na bado mashine ya mwisho wa laini ikapata njia moja nzima na mbili nusu nusu.

Na ndicho kilichotokea. Fundi hakuwa mwongo. Alinieleza kwamba majira ya saa kumi na moja jioni alisikia mlio umekuwa mzito, akachukua tesita, ile bisibisi yenye kijitaa kwenye mpini, akagusa njia ya kwanza ikawaka, ya pili ikawaka, ya tatu ikawaka. Umeme upo. Akaendelea. Baada ya dakika kumi hivi ukatoka moshi.

Kwa yule msuka mota tulikuta ajabu. Makundi mawili yalikuwa meusi, moja limepona. Mzee aliifungua tena sahani ya nyaya kuhakikisha mota imeunganishwa delta, akakuta ni delta, akakaa chini. “Hii inanidanganya,” akasema. Kwa kanuni yake, delta huunguza moja.

Nilitoa risiti ya basi nikaanza kuandika nyuma yake, na sitasahau furaha niliyoiona aibu kuionyesha mbele ya Shangazi aliyekuwa anapiga hesabu ya deni. Transfoma nyingi za mitaani zimeunganishwa delta upande wa msongo mkubwa na nyota upande wa kwetu. Njia moja ikikatika huko juu kwenye laini kubwa, kwa fyuzi iliyoungua au tawi lililoangukia waya, huku chini hakupotei njia hata moja. Moja inabaki na volti zake 230 na mbili zinashuka kuelekea nusu, yaani 115 hivi. Kijitaa cha tesita kinawaka kwa volti pungufu ya hizo, wala hakijui tofauti. Zaidi ya hapo, mota kubwa ikishakuwa katika mwendo inajizalishia yenyewe volti kiasi kwenye njia zilizodhoofika, kwa hiyo hata kipimo kizuri kinaweza kukuonyesha namba zisizotisha. Ukifuata mkondo kupitia transfoma ya namna hiyo unakuta waya mmoja unaoingia kwenye mota umebeba mara mbili ya kila mmoja wa wenzake, na ndani ya mota ya delta mzigo huo unagawanyika kwenye makundi mawili huku la tatu likipumzika. Mawili meusi, moja zima. Mzee aliitazama risiti, akaitazama mota, akaniomba ile risiti abaki nayo.

Kuna njia ya kulieleza jambo hili ambayo kwangu ndiyo hadithi nzuri kuliko zote nilizofundishwa chuoni. Mwaka 1918 mhandisi Charles Fortescue, mtu aliyezaliwa kwenye kituo cha biashara ya manyoya kaskazini mwa Kanada, alionyesha kwamba umeme wowote wa njia tatu usiolingana unaweza kuhesabiwa kama jumla ya mifumo iliyolingana: mmoja unaozunguka mbele, mmoja unaozunguka kinyume, na wa tatu usiozunguka kabisa. Kwa mota maana yake ni hii. Njia zisipolingana, ni kama umefunga mota mbili kwenye shafti moja, moja inasukuma mbele na nyingine inasukuma nyuma. Ile ya mbele inashinda kwa sababu mwendo ulikwisha kuwa wake, lakini ile ya nyuma haijaondoka, inavuta mkondo na kuugeuza kuwa joto. Izime mota hiyo hiyo, ujaribu kuiwasha tena katika hali hiyo, haitaondoka. Itanguruma pale ilipo, kwa sababu nguvu mbili zimelingana na hakuna aliyetangulia.

Tena haihitaji njia ikatike kabisa. Volti zikitofautiana kwa asilimia 1, mikondo inaweza kutofautiana kwa asilimia 6 hadi 10. Vyanzo vyake ni vya kawaida mno: nyumba nyingi za mtaa zimeunganishwa kwenye njia moja kuliko nyingine, jioni ikifika pasi na friji na jiko la umeme vinafanya kazi yao. Na mafundi wana kanuni ya zamani kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazozidi zinakata umri wa vanishi kwa nusu. Mota inaweza kuonekana nzima miaka yote huku inakufa kila jioni kidogo kidogo.

Sasa, kwa nini relei haikukata? Hapa ndipo tasnifu yangu ilipobadilika, ingawa msimamizi wangu bado ananiuliza upya wake uko wapi, maana relei za namna hii zipo tangu zamani na wenzangu wanaandika kuhusu akili bandia.

Relei ilikuwa imerukwa. Nyuma yake palikuwa na kipande cha waya mwekundu, sentimita nane hivi, kimeunganisha mguu mmoja na mwingine ili kontakta isiitegemee tena. Kwenye banda jingine nimeona kontakta imekandamizwa kwa kijiti, na sehemu moja kwa kijiko. Nilimwuliza Fundi kama ni yeye, akajibu bila kusita kwamba ni yeye, tena akaniuliza kama nimewahi kukaa hapo Julai siku nzima.

Nikakaa. Mota ilikuwa imesukwa na kurudishwa, relei ikaunganishwa upya, nami nikakaa juu ya gunia na multimita na daftari. Siku ya kwanza relei ilikata mara 9. Kati ya hizo, 7 zilikuwa kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, volti zikiwa 352, 355, wakati relei imewekwa kukata zikishuka chini ya 360. Kwa relei hilo ni tukio la sekunde. Kwa Fundi ni jambo jingine kabisa. Mashine ikisimama ghafla, mpunga ulio kwenye koo la kinu unabaki umebanwa. Huwezi kuiwasha hivyo, mkanda utateleza au mota itashindwa kuondoka. Unafungua bolti, unachokoa kwa mkono, unakinga usimwagike, unafunga. Dakika 15 ukiwa na kasi, 20 ukiwa umechoka. Mteja anasimama juu ya kichwa chako akihesabu punje zake. Wa nyuma yake anasema kwa sauti kwamba mashine ya fulani haina matatizo haya.

Na Fundi alikuwa analipwa kwa gunia. Hilo nililijua siku zote kama ninavyojua jina langu, ila sikuwa nimewahi kuliweka kwenye mstari mmoja na volti 352. Kila relei ilipoilinda mota ya Shangazi, ilikuwa inaichukua pesa mfukoni kwa Fundi. Mota si yake, mkopo si wake. Gunia ndilo lake. Nimesoma makala nyingi za kitaalamu kuhusu ulinzi wa mota, zina michoro ya kupendeza ya muda na mkondo, na sikumbuki hata moja iliyouliza anayesimama mbele ya kitufe analipwaje.

Usiku ule tulikula wali na kambale uani kwa Shangazi, sote watatu. Nilianza kueleza kuhusu mfumo wa kinyume. Shangazi akanikata.

“Fundi, ikikata mara tisa unapoteza magunia mangapi?”

“Kama sita, Mama. Siku mbaya nane.”

Akaenda ndani akarudi na daftari lake la magunia, lile la jalada gumu, na miwani. Alihesabu muda mrefu. Mimi nilikuwa na tarakilishi yenye programu tatu za kuiga mifumo ya umeme, na hakuna hata moja iliyokuwa na safu ya kuweka magunia sita. Mwishoni alisema atamlipa Fundi posho ya siku, iwe mashine imezunguka au imesimama, halafu kwa gunia atapunguza kidogo. Walivutana. Fundi alitaka posho iwe kubwa zaidi ya alivyotajiwa, Shangazi akataka Fundi awe anaandika kila inapokata na saa yake. Wakafika mahali. Sikuombwa maoni, na sikuyatoa.

Wazo la taa lilikuwa la Fundi. Alisema shida yake kubwa si pesa peke yake, ni matusi. Mteja anaamini mashine imezimwa kwa uvivu au kwa kumpendelea mtu. Basi tuweke taa tatu ukutani nje, kila njia na taa yake, nyekundu, njano na bluu kama rangi za waya, watu waone wenyewe. Nilipata kazi moja tu, kusisitiza ziwe balbu za zamani za waya, zilizopakwa rangi. Balbu nzuri za LED zinatoa mwanga ule ule hata volti zikishuka, zinaficha ugonjwa. Kuzipata balbu hizo kulitusumbua kuliko kuipata relei. Mwisho zilitoka kwa mfugaji wa vifaranga aliyekuwa anazitumia kuwatia joto.

Sijui kama nitaweza kuliandika kwenye tasnifu kwa lugha inayokubalika, lakini ndani ya wiki mbili wateja walikuwa wanazisoma. Wanawake waliokuwa wanapepeta chenga kwenye kivuli ndio walioanza: “Fundi, bluu imelegea.” Mara nyingine walimwita kabla relei haijafanya uamuzi, naye akawa anafunga mlango wa mpunga, anaacha kinu kimalize kilichomo, ndipo anazima kwa mkono. Ukizima namna hiyo hakuna cha kuchokoa. Dakika 20 zikawa 3 au 4. Kinyozi wa ng’ambo, aliye kwenye njia ya bluu, akawa anatoka nje na mashine ya kunyolea mkononi kuuliza wenzake wanaonaje, na kwa jinsi walivyojibizana mtaa mzima ukajua nani yuko kwenye njia gani.

Kukata hakujaisha. Daftari la Fundi la msimu huo lina mistari 61, na baadhi yake ameandika sababu kwa maneno yake: “radi”, “jioni tu”, “hapana sababu”. Nakala yake niliipeleka kwa watu wa umeme, wakaja na ngazi, wakahamisha nyumba kadhaa kutoka njia moja kwenda nyingine, na jioni zikapata nafuu ya volti 6 hivi. Deni la Shangazi bado lipo. Waya mwekundu ameuning’iniza kwenye msumari ndani ya ofisi yake, kando ya kalenda, na kila anayeomba mkopo wa magunia anahadithiwa habari zake.

Kitu cha mwisho tulichobishania ni muda. Umeme ukirudi baada ya kukatika, relei inasubiri kwanza kabla ya kuruhusu mota iwake. Mota inapoondoka huvuta mkondo mara 6 hadi 7 ya ule wa kawaida, na mashine zote za barabara ile zikiondoka kwa pamoja, volti zinaporomoka na relei inakata tena. Mimi niliweka dakika 5. Fundi alitaka 1, kwa sababu anayewaka mwisho anapoteza wateja. Tukashindana siku mbili, tukaishia 3. Kesho yake mwenye mashine ya jirani, aliyekuwa amenunua relei yake wiki hiyo, akaja kuuliza yake aiweke ngapi. Fundi alikuwa juu ya ngazi anafuta vumbi la pumba kwenye balbu ya njano. Bila kugeuka akamwambia aweke 4, na amwambie na yule wa kona aweke 5.